Jora Lisilouzwa

Jora la hariri lilikuwa na mita kumi na mbili. Oktavia alikata tatu za gauni la kipaimara la binti yake Lidia, akalikunja jora lililobaki, kisha akalipima tena kwa mazoea tu ya fundi. Mita kumi na mbili.

Alidhani amekosea. Baridi ya Njombe siku ile ilikuwa imemtia ganzi vidoleni. Lakini Lidia alipolivaa gauni, pindo liliburuta sakafuni.

"Mama, umenishonea kubwa."

"Nimekupima juzi, mwanangu. Simama wima."

Akampima upya. Juzi alikuwa sentimita mia moja arobaini na mbili. Leo, mia moja thelathini na tisa.

Jora lile alikuwa amerudi nalo kutoka Uturuki mwezi uliopita. Alikwenda na Anneth, mfanyabiashara wa Makambako aliyezoea safari hizo na kujua Kituruki cha kuombea bei. Mjini Bursa, Anneth alimpeleka soko la kale la vitambaa, la enzi za masultani wa Kiosmani: korido za mawe zilizoezekwa makuba, mwanga ukishuka kwa vidirisha vya juu kabisa, na kulia na kushoto hariri tupu. Uani mwanamke mmoja alikuwa akichemsha vifukofuko vya viwavi wa hariri ili wageni waone uzi unavyovutwa, na harufu yake nzito iliwafuata hadi ndani.

Katika duka la mwisho, mzee mmoja alikuwa na jora jeupe. Oktavia alipoligusa, mzee alilifunika kwa kiganja.

"Anasema haliuzwi," Anneth alinong'ona. "Lina mwenyewe."

Adhana ya mchana ikalia. Mzee akalaza fimbo kukingama mlangoni, ishara kwamba duka limefungwa, akaenda kusali. Anneth alikuwa ameshasogea duka la pili. Oktavia akapitisha mkono juu ya fimbo, akalitia jora begini, akaacha noti juu ya kigoda. Alijiambia kwamba huo si wizi.

Sasa jora lilikuwa haliishi, na hilo lilimpofusha. Alikata gauni la bibi harusi wa Mjimwema, akakata la kwaya, akakata mita mbili za familia moja ya Mawengi. Lidia alipelekwa hospitali, madaktari hawakuona ugonjwa. Mia moja thelathini na moja.

Alhamisi moja saa nane mchana, ukungu ukiwa umeshuka hadi vizingiti vya maduka, Oktavia alisikia chumba cha nyuma kitambaa kikivutwa, taratibu, kwa mkono unaojua kazi, na harufu ile ya vifukofuko vinavyochemka ikamjia puani, na aliposukuma pazia akamwona Lidia amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha kama anayepimwa, macho yamegeuka meupe, na hariri ikijikunjua yenyewe kutoka kwenye jora na kumzunguka kiunoni, kifuani, shingoni, huku kinywani mwake sauti ya mwanamume mzima ikihesabu kwa Kituruki: bir, iki, uch.

"Lidia!" Oktavia aliita.

Kitambaa kikaanguka. Mtoto naye akaanguka.

Kesho yake walikuwa Makambako, mbele ya shehe aliyeitwa na Anneth. Alisoma kwa muda mrefu, mkono juu ya kichwa cha Lidia, kisha, Oktavia alipomweleza lilikotoka jora, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwenye duka alikwambiaje?"

"Kwamba haliuzwi."

"Basi wewe umekata mali ya jini, mama, naye anajifidia kwa mtoto wako. Kusanya kila kipande. Kishone mahali pake. Halafu ulirudishe jora kwa mkono wako."

Oktavia alipita nyumba kwa nyumba, akaomba, akalia, akapiga magoti. Bibi harusi alilitoa gauni lake. Kila kipande kilichoshonwa kilimrudishia Lidia kidogo, hadi akafika mia moja arobaini. Huko Mawengi tu ndiko alikokwama.

"Kamwene, mama," baba wa nyumba, Nikodemo, alimsalimu kwa huzuni. "Hizo mita mbili tulimvika marehemu mama yangu. Tumeshazika."

Asingeweza kumwomba afukue.

Wakasafiri tena, yeye na Anneth. Mzee wa Bursa alipolipokea jora hakukasirika. Alilinyoosha kwa mikono, akihesabu, hadi mwisho. Akainua vidole viwili: mita mbili za asili hazimo.

"Mwambie ziko kaburini," Oktavia alisema. "Mwambie namsihi."

Anneth alitafsiri. Mzee alimtazama Oktavia kwa huruma, akajibu maneno machache. Anneth akayatafsiri.

"Anasema yeye ni mlinzi tu. Mwenye mali hajui kusamehe kipimo; hadi kitimie, ataendelea kuchukua."

Simu ikalia mkobani. Alikuwa Lidia, kutoka kwa bibi yake.

"Mama," alisema, sauti nyembamba kuliko alivyoiacha. "Nikitembea, viatu vinabaki nyuma."