Taa ya Sebuleni kwa Rhobi

Duka la vifaa vya umeme la Zablon, sokoni Mugumu, lilikuwa limejaa watu, na Rhobi aliingia kwa viwiko. Gauni la kitenge cha njano alilishona mwenyewe, nalo lilimkaa hasa. Zablon alipomwona, akampa mteja chenji ya mtu mwingine.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

"Taima. Nina tangi la samaki wa mapambo. Kila wiki nafuata vitambaa Musoma, nalala huko, na taa yao haina wa kuiwasha wala kuizima."

Akamwekea mbili: ya kuzungusha, na ya kidijitali yenye betri ndani.

"Ya betri si bora?"

"Vitufe vya nini? Chukua ya kuzungusha. Taa iwake saa nne asubuhi, izime saa kumi na mbili jioni. Pampu ya hewa ichomeke pembeni, isizimwe kabisa, samaki watakosa pumzi. Na namba yako niachie, niulizie hali."

"Hali yangu au ya samaki?"

"Nitaanza na samaki."

Kweli akaanza na samaki, na mwezi haukuisha akawa anamwita mpenzi. Rhobi akawa anacheka peke yake kwenye cherehani. Alimpenda, tena kupita kiasi.

Jumatano moja usiku, Zablon akampigia.

"Uko wapi?" Sauti ilikuwa kavu.

"Musoma, mpenzi. Si nilikuaga jana?"

"Haya." Akakata simu. Hakupokea tena.

Alhamisi Rhobi alirudi akalia. Ijumaa akachoka kulia. Jumamosi akavaa lile gauni la njano, akaenda dukani.

"Mura, kijana wewe, nimekukosea nini?"

"Jumatano saa mbili usiku nilipita kwako. Taa ya sebuleni inawaka, wewe unasema uko Musoma! Nani alikuwa ndani?"

Rhobi akamtazama, halafu akaelewa. Lo! Hasira iliyompanda haikuwa ya kitoto.

"Funga duka. Twende."

Sebuleni akamsimamisha mbele ya tangi. Maji yalikuwa gizani.

"Sasa saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Taima inasemaje? Si wewe fundi? Soma!"

Zablon akainama. Mshale ulikuwa saa mbili asubuhi. Jasho likamtoka.

"Jumanne umeme ulikatika kwa saa nne nzima," akasema taratibu. "Hii ukikatika nayo inasimama. Ukirudi inaendelea pale pale. Kumbe taa ilikuwa inazima saa nne usiku!"

"Nimekupigia mara ngapi nikuulize? Na nani alinikataza ya betri?"

"Mimi."

"Sema kwa nguvu, samaki wasikie."

"Mimi! Nimekosa, Rhobi. Nisamehe."

Kicheko kikamponyoka Rhobi, na machozi nayo.

Kesho yake Zablon akaleta ya betri. Akazima umeme wa nyumba nzima, akauwasha. Saa haikupotea hata dakika.

"Na wazee wangu waende lini kwa baba yako kuongea ng'ombe wa mahari?"

Rhobi akabonyeza vitufe mwenyewe. "Jumamosi ijayo, nyumbani Morotonga. Taa hii ikiwaka saa nne, wawe wameshapiga hodi. Wakichelewa, narudi kwa samaki wangu."

Jumamosi alikaa mbele ya tangi. Saa nne kamili taa ikawaka, na simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rhobi, kuna wazee hapa tangu saa tatu, wanasema wameambiwa wasichelewe. Niwakaribishe?"

"Wakaribishe, mama!" akapaza sauti. "Wape na viti!"