Ijumaa za Upande wa Pili

"Sasa tumsikilize msemaji wa tajiri," mwenyekiti Leodgar alisema, na aliyesimama alikuwa mchumba wangu.

Nilidhani ni utani. Nikacheka, nikamwita kwa sauti:

"Mwalimu, umekosea upande!"

Wanawake wenzangu wakacheka pia. Khalfani hakunitazama.

"Sijakosea, Mwamini. Mwenyekiti, naomba ulinzi wa kiti."

Ulinzi wa kiti! Mahari yake iko kabatini kwa mama, sare za harusi ziko kwa fundi, halafu mtu anaomba alindwe dhidi yangu.

Kikao kilikuwa cha kuamua habari ya ufukwe wetu wa ziwa, mbele kidogo ya Katonga. Tajiri mmoja wa mjini alitaka kujenga hapo jengo la kugandishia samaki. Sisi tunaoanika dagaa tulitaka tubaki na vichanja vyetu. Wenzangu walinichagua niwasemee, na aliyeninoa ulimi ni Khalfani huyu huyu.

Anafundisha fasihi Ujiji. Wanaume wengine hutongoza kwa maneno matamu. Yeye alinitongoza kwa ubishi. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja barazani kwetu, mama anatuletea mihogo ya kuchemsha na chai, naye anakunja mikono ya kanzu.

"Leo mimi nashika upande wa tajiri. Nipige."

Nampiga hoja, ananirudishia, mpaka wote tunajikuta tumesimama.

"Kila hoja ina mpinzani wake," alikuwa akiniambia. "Zikikutana zinagombana, na humo kwenye ugomvi inazaliwa hoja ya tatu yenye akili kuliko zote mbili. Mimi na wewe hivyo hivyo. Hiyo ya tatu ndiyo mtoto wetu wa kwanza."

Nilimpenda mwanaume yule jamani, sitaficha.

Ijumaa iliyotangulia kikao aliniuliza:

"Hoja yako inaumia wapi? Niambie mimi, kabla mpinzani hajaona."

Nikasogea karibu ili mama asisikie ndani. Nikamwambia kwamba masika yaliyopita vichanja vilijaa, mama akaanika mzigo wake mchangani, kisha akauchanganya na dagaa safi akauza.

"Amelia sana kwa jambo hilo, Khalfani. Likitoka nje atashindwa kutembea mtaani."

Akanishika mkono.

"Litabaki hapa hapa barazani."

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kikao, amekunja mikono ile ile ya kanzu.

"Kina mama hawa wanasema dagaa wao ni safi. Muulizeni Bi Safina pale mbele. Masika yaliyopita alianika mchangani, akachanganya na wa vichanjani, akawauzia watu. Huo ndio usafi mnaoutetea?"

Mama alivuta mtandio akafunika uso.

Aliyepiga kelele ni Concilie, jirani yetu wa vichanjani, ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

"Yemwe, Mwalimu! Mihogo ya huyu mama umekula kwa mdomo huo huo?"

Khalfani aliketi, akainamia simu. Yangu ikatetemeka mkononi.

"Usikasirike mpenzi. Huu ni ukinzani tu, kama barazani. Nijibu, tuipate hoja ya tatu. Tajiri alinipa kazi hii tangu Ramadhani. Nafanya kwa ajili ya nyumba yetu."

Tangu Ramadhani. Kwa hiyo Ijumaa zote zile alikuwa kazini.

Na mimi nilikuwa na la kwake. Kuna mambo ya nyumbani kwao aliwahi kunieleza huku analia. Ningeyasema pale, angehama Ujiji. Yalinifika mpaka kwenye ulimi. Nikamtazama mama chini ya mtandio wake, nikayameza.

"Mwenyekiti, ni kweli," nilisema.

Watu wakageuka kunitazama.

"Mama alichanganya. Na hakuwa peke yake, wengine wako hapa wanatazama chini. Hatuna paa, mvua ikija tunakimbizana na mzigo. Kwa hiyo msemaji hakudanganya, hatuwezi kubaki tulivyo. Lakini na yeye hakumaliza. Jengo la tajiri linagandisha samaki, na dagaa wetu anataka jua. Ajenge kule nyuma, upande wa barabara. Sisi tubaki huku mbele, tuchangishane turubai za kufunika vichanja. Na kila mmoja afunge gunia lake kwa kipande cha kitenge chake, akichanganya ajulikane."

Minong'ono ikaanza. Mama akashusha mtandio, akasimama. Macho yalikuwa mekundu.

"La kwangu lifungwe kwanza," alisema.

Concilie akanyoosha mkono. Wakafuata wengine, mpaka mwenyekiti akasema inatosha, imepita. Tajiri mwenyewe, aliyekuwa ameketi karibu na mwenyekiti, aliitikia kwa kichwa, maana upande wa barabara ulimfaa kwa magari yake.

Khalfani alinifuata vichanjani, anang'aa uso.

"Umeona? Hoja ya tatu! Nisingekusukuma usingeifikia."

"Ni kweli."

"Kwa hiyo umenielewa."

"Nimekuelewa vizuri. Kwenye ubishi wako wa darasani, kila mtu anajua mwenzake amesimama wapi. Wewe ulikuja kwetu kama mchumba, ukaondoka na habari kama mpelelezi."

"Ilibidi nitoe mfano, Mwamini. Hoja bila mfano haisimami."

"Ungeutoa bila jina. Jina la mama lilikuongezea nini?"

Alitazama ziwa.

"Tajiri ndiye alitaka jina," alisema.

Hapo ndipo kilichobaki kilipokatika.

"Mwamini, mtoto wetu wa kwanza huyu, tusimtupe..."

"Hoja ya tatu imezaliwa, Khalfani. Lakini baba yake si wewe."

Mjomba alirudisha mahari Alhamisi. Ijumaa baada ya swala simu ikaita, sikupokea. Ukaja ujumbe: "Nije tubishane? Leo nitashika upande wako."

Mama alitoka na sahani ya mihogo, akaketi kwenye kiti alichozoea Khalfani.

"Leo mimi nashika upande wake," alisema. "Nipige."

"Mama, niache."

"Kijana anakupenda. Alitaka kukujengea nyumba. Aliyeaibishwa ni mimi, na mimi nimemsamehe. Wewe unashikilia kinyongo cha nani?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli, kwa sababu nilikuwa bado nampenda, na sikulipata.

"Umenishinda, mama."

"Kwa hiyo aje?"

Machozi yakanitoka, nikashindwa hata kuyafuta.

"Umenishinda, lakini hapana. Asije."

Mama akanisogezea sahani.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa naogopa utakubali."