Joto Linalotoka Nyuma ya Friji

Koleta na mumewe Sixbert wana duka la maziwa Chemchem, mjini Tabora. Kila asubuhi Masele, mfugaji wa Kigwa, huwaletea maziwa kwa pikipiki. Koleta huyachemsha, huyapoza kidogo, kisha huyaweka kwenye friji. Wateja hukaa humo humo dukani na kunywa mtindi.

Duka lilikuwa na friji tatu. Joto la mwezi wa tisa lilipozidi, wakafunga kiyoyozi. Aliyewauzia aliuliza jambo moja tu: ukubwa wa chumba. Kiyoyozi kikanguruma kutwa, lakini duka likabaki kama tanuri. Friji nazo hazikupumzika. Jumatatu maziwa yakaharibika. Jumatano tena. Koleta aliyamwaga huku moyo ukimuuma.

"Tumwambie Masele asilete kwanza," alisema.

"Watoto wake watakula nini?" Sixbert akauliza. "Bora tuongeze friji ya nne."

Kabla hawajanunua, Koleta akamwita Zuena, fundi wa friji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiyoyozi chetu ni kibovu."

Zuena hakukigusa kiyoyozi. Aliinama nyuma ya friji. "Mama, hebu weka mkono hapa."

Koleta akaweka, akautoa haraka. "Mbona panachoma?"

"Friji haitengenezi baridi, mama. Inachukua joto lililomo kwenye maziwa na kulitoa huku nyuma. Na umeme wote inaokula, nao unageuka kuwa joto. Lote linabaki humu chumbani."

Zuena akachomeka kwenye friji kifaa kidogo cha kupima umeme. Akapima kuta. Akauliza maziwa yanaingia saa ngapi, yakiwa na joto kiasi gani, na wateja huwa wangapi. Koleta alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kuona fundi anayeuliza mengi kiasi hicho kabla ya kushika bisibisi.

Kesho yake Zuena alirudi, akasoma kifaa chake, akaandika kwenye daftari.

"Joto nalo hupimwa kwa wati, kama umeme," alisema. "Jua, kuta na watu, wati elfu mbili. Friji moja, mia tatu na hamsini. Zote tatu, elfu moja na hamsini. Maziwa ya asubuhi, kama mia tano. Jumla elfu tatu mia tano na hamsini. Kiyoyozi chenu kinaweza kuondoa elfu mbili na mia sita tu. Si kibovu. Kimezidiwa."

Sixbert akajikuna kichwa. "Kumbe friji ya nne..."

"Ingeongeza joto, baba."

"Sasa tufanyeje?"

"Mnunue kiyoyozi kikubwa zaidi, au mpunguze joto humu. Stoo yenu ya nyuma ina kivuli. Tutoboe matundu ya hewa, chini na juu, tuweke wavu. Friji mbili za kupozea maziwa zihamie huko, zikae mbali kidogo na ukuta; joto la maziwa nalo litatokea huko. Hapa ibaki moja ya kuuzia. Mama, piga hesabu: elfu mbili, na mia tatu na hamsini?"

"Elfu mbili mia tatu na hamsini," Koleta akajibu. "Kiyoyozi kinalimudu!"

Zuena akacheka. "Umeshakuwa fundi."

Koleta akalitazama lile daftari. Nusu ukurasa tu! Na hakuna hata skrubu moja iliyofunguliwa.

Ijumaa matundu yalikuwa tayari, friji mbili zikahamishwa. Jumamosi duka lilipoa hadi wateja wakasahau kuondoka. Wiki nzima iliyofuata halikumwagwa hata tone, na Masele akaambiwa aongeze dumu moja.

Siku moja jirani yao Anifa, mwenye duka la soda, aliingia kunywa mtindi.

"Koleta, kwako kuna raha! Nami nataka kiyoyozi. Chumba changu ni kidogo kuliko hiki. Ninunue cha ukubwa gani?"

Koleta akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Kwanza niambie," alisema. "Humo ndani una friji ngapi?"