Fukusi Katika Mchele wa Maulidi

Kila mwaka ndugu zetu wa Sindeni huja kwetu Mashewa kwa Maulidi. Wao wanalima mahindi, sisi tunalima mpunga. Kwa hiyo wali wa Maulidi ni kazi yetu.

Mwaka jana wali huo ulinitia aibu. Wifi yangu Husna, dada wa mume wangu Faraji, aliinua sahani mbele ya wageni.

"Wifi Shamimu, asante! Umetupa wali na nyama humohumo ndani ya punje."

Watu walicheka. Ulikuwa utani wa wifi, lakini fukusi, wale wadudu wa nafaka, walikuwa wa kweli. Mimi si msemaji. Niliingia jikoni, nikabaki huko mpaka wageni walipoondoka.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Faraji alileta gunia la mchele kutoka mashineni. Mama mkwe wangu, Bi Mashavu, alifungua pipa letu la plastiki. Chini kulikuwa na mchele kidogo wa zamani.

"Mimina juu yake," aliniambia. "Tusilimalize pipa. Tukilimaliza, baraka inaondoka."

Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Nilishika gunia, lakini sikumimina. Nilikumbuka kile kicheko.

Hapo akaingia jirani yetu Hilaria, anayeuza mchele sokoni Korogwe. Alikuwa anarudisha ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikajikaza. "Dada Hilaria, mchele wako hauingiwi na wadudu. Unaweka dawa gani?"

"Ya dukani siweki. Hiki ni chakula."

Alichota mchele wa zamani, akautandaza kwenye ungo juani. Punde fukusi weusi wakaanza kukimbia huku na huku.

"Mama, fukusi hutaga mayai ndani ya punje. Ukimimina mchele mpya juu yao, umewaandalia karamu."

Mama alikunja uso. "Kwa hiyo baraka niitupe?"

"Usiitupe. Pepeta, osha, pika leo mle. Chenga zilizobunguliwa wape kuku. Baraka ikishaingia tumboni, osheni pipa."

Mama akacheka. "Una maneno wewe!"

Tuliosha pipa kwa maji ya moto na sabuni. Tulisugua ukingo wa mfuniko, maana unga wa mchele ulikuwa umeganda pale. Tukalianika mpaka likakauka kabisa.

Hilaria aling'ata punje moja ya mchele mpya. Ikalia, ka!

"Umekauka. Ungekuwa laini, ungeota ukungu ndani ya pipa."

Alituletea majani ya mwarobaini aliyoyakausha kivulini. Tuliyafunga kwenye vitambaa safi, ili uchungu usiingie kwenye wali. Tukamimina mchele mpya ndani ya pipa, tukiweka kitambaa kimoja chini, kingine katikati, kingine juu. Tukafunga mfuniko kwa nguvu.

"Msifungue kila siku," alisema. "Choteni mchele wa wiki, muuweke kwenye ndoo ndogo. Na mpunga uliobaki uacheni na maganda yake. Mkoboe kidogo kidogo."

"Mimi nilitaka kukoboa wote, nisirudi tena mashineni," alisema Faraji.

"Uvivu wako ndio unaonenepesha fukusi, shemeji!"

Maulidi ikafika. Husna hakusubiri sahani. Alikuja moja kwa moja jikoni, akavuta ungo, akapekua mchele kwa kidole. Alipekua tena.

"Wifi, nyama ya mwaka huu iko wapi?"

"Iko kwenye sufuria ile," nilimjibu. "Ni ya mbuzi."

Wanawake wote walicheka. Safari hii na mimi nilicheka.

"Haya, tuambie ulivyofanya," alisema Husna.

Nilimtazama mama mkwe. Naye akasema, "Usinitazame mimi. Mchele ni wako, mwanangu. Sema."

Nikasema. Nilianza na kuosha pipa. Niliwaonyesha vile vitambaa vya mwarobaini, vikapita mkono kwa mkono. Akina mama wa Sindeni walinisikiliza mimi, Shamimu.

Wageni walikuwa wengi, wali ukahitaji kuongezwa. Mama mkwe akachota mchele wa mwisho kwenye pipa. Hakubakiza hata punje. Akaligeuza pipa juu chini, akalipiga kitako kama dufu.

"Shamimu!" aliita, watu wote wakasikia. "Lete maji ya moto!"