Mtumiaji Hapepesi

Kataa. Kataa kunisikiliza sasa hivi, mapema, maana ukija kuogopa katikati sitakuonea huruma. Wanaoniita muongo ni wengi, na simu zao zote nazitengeneza mimi. Shule niliacha darasa la sita, au shule ndiyo iliniacha, hilo tutagombana siku nyingine. Lakini nipe kitu chochote chenye waya, nipe na bisibisi, halafu kaa pembeni ujifunze.

Basi, dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani, chumba cha mbele, na ana binti wa miaka saba na miezi kumi ambaye namwita Kiroboto kwa sababu hatulii. Jicho la kushoto la Kiroboto lilikuwa vivu. Mwenzake akitazama dunia, lenyewe linatazama pua. Daktari wa macho hakuzunguka: "Mama, akishatimiza miaka minane, jicho hili halifundishiki tena." Akamwazima mashine ya kliniki akae nayo nyumbani siku thelathini.

Mashine yenyewe ni kisanduku cheusi, ukubwa wa redio, chenye matundu mawili ya kuchungulia yaliyozungushiwa mpira laini. Mtoto anaegemeza uso, tundu la jicho zima linafungwa giza, na lile jicho vivu linabaki kufukuza nukta ya kijani. Kamera iliyo ndani inalinda jicho lisitoroke. Sauti ya mwanamke inasema, "Kulia. Kushoto. Vizuri sana." Dakika arobaini kila siku, na rekodi inajituma yenyewe kwa daktari na kwenye simu ya mama. Ukiruka siku mbili, mashine inarudi kliniki, anapewa mtoto mwingine aliye kwenye foleni.

Siku ya kumi na nane, saa saba mchana, dada alikuwa anakunja pindo la gauni la mteja aliposikia kutoka chumba cha nyuma: "Kulia. Kushoto. Vizuri sana."

Kiroboto alikuwa shuleni.

Dada akaenda. Chumba kitupu, kiti kimesogezwa mezani, mashine inawaka. Ule mpira ulikuwa umebonyea ndani, kama umeegemewa na uso mzito. Akanipigia.

"Mdogo wangu, hii mashine inafanya mazoezi peke yake."

"Hitilafu hiyo, Dada. Furahi, mtoto kapata siku ya bure."

"Nimekupigia ucheke?"

Nikaenda, nikafungua rekodi. Iliandikwa: *Dakika 40. Mtumiaji hapepesi.* Yaani dakika arobaini bila kupepesa hata mara moja! Mimi niliyewahi kuwa bingwa wa mtaa mzima wa kukodoa macho nilijaribu palepale. Dakika moja na nusu, machozi yananichuruzika hadi kidevuni.

Kesho yake ikarudia, saa ileile. Keshokutwa pia. Na sasa kulikuwa na harufu, ya nywele zilizoungua zikamwagiwa maji, harufu iliyoingia hadi kwenye vitambaa, wateja wakaanza kunusa nguo zao na kumtazama dada vibaya. Jioni mtoto aliketi kwenye mashine, akainua uso mara moja.

"Mama, kuna mtu kwenye tundu lenye giza."

"Mtu gani, mwanangu?"

"Ana jicho moja tu. Anasema zamu yangu imekwisha, nitoke."

Dada akanivuta jikoni, akanong'ona, "Niirudishe?"

"Irudishe."

"Jicho likifa je? Utamwazima lako?"

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Ikaja Jumamosi, siku ya ishirini na tatu, mtoto yuko nyumbani, na dada akaamua mazoezi yafanyike mchana mwangaza ukiwa mwingi, sisi wawili tumemsimamia. Dakika kumi zilipita vizuri. Kisha ile sauti ikaacha kusema kulia na kushoto, ikasema, "Karibu." Ikasema tena, taratibu, "Karibu zaidi," na uso wa Kiroboto ukazama kwenye mpira, mikono yake imetulia mapajani kama ya mtu aliyelala, na dada akamshika mabega akavuta, akavuta huku akiniita kwa sauti ndogo kana kwamba anaogopa kusikiwa, na mimi nikaipindua mashine nikachomoa betri, nikawa nimeishika betri mkononi, naiona kwa macho yangu, na sauti bado inasema vizuri sana, vizuri sana, na simu ya dada mezani ikawaka na juu yake pameandikwa *Macho matatu yameonekana*, na ile harufu ikanijaa kooni hadi nikahisi kuna mtu mwingine anapumua katikati yetu, tena anapumua bila haraka, kama mwenye nyumba.

Nilimkimbilia mganga, mama mmoja mnene mwenye kikohozi, nyumba ya nne kutoka kwetu. Hakuja na mbwembwe. Aliingia, akanusa, akauliza, "Nani kamwalika?"

Akakizunguka kisanduku mara moja.

"Huyu jini hakuvamia. Ameitwa, tena kaahidiwa kitu. Aliyemwita aseme hapa mbele yake: nimefuta ahadi. Ataondoka mikono mitupu. Asiposema, mimi nitamtoa humo sandukuni, lakini chake ataondoka nacho."

"Wallahi si mimi," dada akalia. "Mama, si mimi!"

Mganga akanigeukia. "Na wewe, kijana mwenye maneno mengi?"

"Mimi fundi tu," nikasema.

Akakohoa, akanipa kisogo. Kisha akasoma, akamwagia kisanduku maji, akasoma tena, na kioo cha ndani kikapasuka kwa mlio wa mfupa. Harufu ikatoka dirishani. Kiroboto akaangukia kifuani kwa mama yake, akalala hadi asubuhi.

Kliniki tulisema mashine ilianguka. Daktari hata hakusikiliza, maana alikuwa ameshaliona jicho. Limenyooka! Linakwenda kulia, linakwenda kushoto, laini kabisa. Akamfunika lile zima, akamwambia asome herufi ubaoni. Kiroboto akasoma zote, hata za mstari wa mwisho ambazo mimi nilikuwa nazikisia tu. Daktari akaita wenzake waje waone. Dada alilia kwa furaha hadi akakosa kitambaa, yeye mwenye vitambaa nyumba nzima.

Hapa ndipo huwa namalizia, watu wanapiga makofi, naagizwa soda. Lakini kuna sehemu nimeiruka.

Siku ya kumi na sita mtoto alikuwa na homa, hakufanya mazoezi. Ya kumi na saba dada alikwenda kupeleka nguo kwa mteja, akaniachia mimi nimsimamie. Kiroboto akalia, anaumwa kichwa. Nikamwambia nenda kacheze. Ili siku isipotee nikachungulia mimi. Mashine ikakataa, macho si ya mtumiaji. Nani anikatalie mimi? Nikaingia kwenye mipangilio ya mafundi, nikaondoa ulinzi, ikawa inapokea macho yoyote. Lakini yangu yakachoka upesi. Nikajiegemeza kwenye kiti nikacheka, nikakiambia chumba kitupu: "Mwenye macho yasiyochoka aje amalizie. Akilinyoosha jicho hili, liwe lake."

Nikatoka kuvuta hewa. Niliporudi, ndani kulikuwa kunasifiwa mtu: "Vizuri sana." Dada alipofika nikamwambia mtoto kamaliza vizuri.

Kwa hiyo mganga alipouliza, nilijua. Maneno mawili tu yalitosha. Niliogopa kile kitu kisinigeukie mimi, na zaidi, kusema ukweli, niliogopa dada angenitazamaje.

Juzi nilimziba Kiroboto lile jicho la kulia, nikamwonyesha vidole. "Vingapi?"

"Vitatu."

"Safi! Unaviona vizuri?"

"Mimi sioni kitu, Mjomba. Yeye ndiye ananiambia. Hata zile herufi alinisomea yeye."

Nikamwomba asimwambie mama yake.