Hesabu ya Siku ya Mvua

Kila Jumamosi asubuhi, majira ya kuchipua yakianza, mimi na shangazi huenda ziwani kuhesabu ndege wahamaji. Shangazi ni karani wa posta, lakini idara ya wanyamapori inamtegemea. Sheria yake ni moja: kila mtu ahesabu peke yake, aandike kwenye daftari lake, ndipo tulinganishe. Tukitofautiana, tunarudia.

Mwaka huu, Jumamosi ya kwanza hatukuona ndege hata mmoja. Ofisa wa idara alisema wasipoonekana tena, ataleta wataalamu wapime maji kama yana sumu.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Viatu vyangu vilijaa maji na darubini ikaingia ukungu. Nilitamani kurudi nyumbani kuliko kitu chochote. Shangazi alipoinama kufunga kamba za buti, nikachungulia daftari lake: bata arobaini na wawili. Nikanakili.

"Arobaini na wawili," nikasema, uso mkavu.

"Macho hayo ni ya mwewe!" Shangazi akafurahi, akampigia ofisa simu papo hapo.

"Ahsante sana," ofisa akajibu. "Basi wataalamu nitawapeleka kwingine."

Mvua ikapungua, ukungu ukainuka. Pale shangazi alipohesabia bata palielea maboya meusi ya nyavu, yamejipanga mstari. Ningefanya nini? Hesabu ilishafika, na bata siwezi kuwaita waje. Nilisimama tu, machozi yakichanganyika na mvua.

"Shangazi," nikasema mwishowe, "mimi sikuhesabu. Niliangalizia kwako."

Alifuta miwani yake, akatazama ziwa.

"Kumbe nimehesabu maboya," akasema polepole. "Macho yangu yamechoka, mwanangu. Kwa nini unadhani nakuja na yako?"

Niliona aibu. Shangazi akapiga simu tena. "Tumekosea, ofisa. Ni sifuri."

Jumatatu wataalamu walifika na chupa zao, wakachota maji pande zote nne. Majibu yangechukua wiki tatu. Juu yetu anga lilikuwa tupu.

"Na wasiporudi kabisa?" nikauliza.

"Sijui," shangazi akasema, akinifunga skafu yake shingoni. "Kuwaleta hatuwezi. Tunachoweza ni kusema ukweli kwamba hawapo, ili mwenye uwezo wa kuwasaidia ajue. Jumamosi uje na daftari lako."