Mpaka Majogoo Watwae Kombe

Bia ilimwagika kichwani mwa Yanibel Mercedes katika raundi ya saba, pale kocha Baret alipokataa kwa mara nyingine kunyanyuka kwenye benchi.

Nywele zenyewe zilikuwa zimenyooshwa alasiri ileile. Yanibel ana saluni yake mtaa wa Villa Juana, na mwenye saluni hatoki nyumbani kichwa kikiwa shaghalabaghala. Alivaa suruali nyeupe ya kubana na blauzi ya kijani iliyoacha mabega wazi, na ukweli ni kwamba hakuja kwa ajili ya besiboli. Binamu yake alikuwa na tiketi ya ziada, na uwanjani kuna kuku wa kukaanga, kuna muziki, kuna watu wa kutazama. Basi akaja.

"Wewe!" Aligeuka, bia ikimchuruzika hadi kidevuni.

Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, jezi nyekundu ya timu ya Majogoo imepauka kwa kufuliwa, ngoma imening'inia shingoni. Kiwiko chake ndicho kilichokumba kikombe cha jirani.

"Samahani sana, bibie. Lakini si mimi. Ni Baret."

"Baret ndiye nani?"

Safu nzima ikageuka kumtazama.

"Yule pale aliyekunja nne," alisema yule bwana, akionyesha kwa kijiti cha ngoma. "Anatafuna mbegu za alizeti. Mrushaji wake kachoka, mkono umelegea, hata wauza karanga wanaona. Na yeye katulia tuli kama anasubiri zamu kwa kinyozi."

"Sasa ndiyo unimwagie bia?"

"Nilikuwa nampungia amtoe."

"Amekuona?"

"Mwaka wa nne huu nampungia."

Yanibel hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Wakati huohuo gongo likalia, mpira ukaruka juu ya ukuta, na watu elfu kadhaa wakamtukana Baret mama, bibi na shangazi zake wote. Majogoo walifungwa. Yule mwenye ngoma akamkabidhi leso safi, akajitaja: Leuris Montás, fundi wa viyoyozi.

"Fundi kweli au fundi wa maneno?" Yanibel alimuuliza. "Maana changu cha saluni kinapuliza moto."

Kesho yake asubuhi Leuris alikuwa mlangoni na begi la spana. Keshokutwa akapiga simu.

"Kinatoa baridi?"

"Kinatoa, Leuris. Si umekitengeneza jana?"

"Basi nakuja kuhakikisha fundi hajasahau kitu."

"Kasahau nini?"

"Macho yake. Kayaacha hapo kwenye kiti karibu na kioo."

"Hebu toka hapa!" alisema Yanibel, na wateja waliokuwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele wakaangaliana kwa kutabasamu.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kwa kuwa ukimpenda Leuris unapewa na Majogoo juu yake, Yanibel akajifunza mchezo. Hapa kwetu Santo Domingo msimu ukianza mwezi wa kumi kila mtu ni kocha: kinyozi, padri, muuza ndizi. Na kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya Nelsido Baret, mtu ambaye mrushaji wake angeweza kuzimia uwanjani na yeye asimtoe. Waandishi wakimuuliza sababu, alijibu maneno yaleyale kila siku: "Mimi namwamini kijana wangu." Mji mzima uliligeuza neno hilo kuwa mzaha. Wali ukiungua, mpishi anasema namwamini kijana wangu. Pikipiki ikigoma kuwaka, hivyohivyo.

Msimu ukapita, ukaja wa pili. Mama yake Yanibel akaanza kuuliza pete iko wapi. Wateja wakauliza. Yanibel alikuwa na miaka thelathini na nne na alimpenda mtu huyu kupita kiasi, akawa anajiuliza mwenyewe.

Mkesha wa Krismasi walikula nyumbani kwa Don Fello, baba yake Leuris, mzee mwembamba wa kofia ya majani ambaye redio haikai mbali naye. Nguruwe wa kuchoma alipoletwa mezani barafu ikaisha, Leuris na Yanibel wakatoka kwenda kununua nyingine duka la kona.

"Leuris, nikuulize kitu na usinizungushe. Wewe utanioa?"

Leuris alisimama katikati ya njia. "Nitakuoa."

"Lini?"

Leuris aligeuka kutazama nyumba ya baba yake. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, "Majogoo wakitwaa kombe."

"Acha utani wako."

"Si utani. Ni nadhiri." Akaeleza yote palepale, gari zikipiga honi kuwapita. Miaka saba nyuma Don Fello alipatwa na ugonjwa wa moyo, na daktari akasema aitwe padri. Leuris akapiga magoti kwenye korido ya hospitali: Bikira Mama wa Altagracia, niachie baba yangu, nami sitaoa mpaka Majogoo watwae kombe tena. Asubuhi mzee akafungua macho, akauliza matokeo.

"Kwa nini hilo? Si ungemwahidi mishumaa kama watu wengine?"

"Nilitaka kitu kizito. Halafu..." Akajikuna shingo. "Wakati ule Majogoo walikuwa wanashinda, Yani. Nilidhani ni jambo la mwaka mmoja."

Yanibel alishika kiuno. "Kwa hiyo ulitaka kumpunja Bikira."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Ulimpunja. Ndiyo maana akakuletea Baret."

Walicheka mpaka wakashikana. Lakini aliporudi mezani na mfuko wa barafu, Yanibel hakuweza kula. Alikuwa amefahamu kwamba ndoa yake iko mikononi mwa mtu anayetafuna mbegu za alizeti.

"Baba anajua?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Hajui. Asijue kamwe."

Tangu siku hiyo hapakuwa na shabiki mkali kumshinda yeye. Alikuwa anaongea na Baret utadhani wamezaana. "Mtoe huyo! Baret! Una macho au una vifungo? Mtoe, nimesema!" Wapiga ngoma wa safu ile wakampenda, wakampa filimbi. Hawakujua kwamba wenzake wanalilia mchezo, yeye analilia shela.

Na Majogoo, jamani, wakajitahidi. Walijikokota mpaka Jumapili moja ya Januari, jioni, mechi ya kuingia fainali, dhidi ya Nyuki wa Santiago. Raundi ya nane walikuwa mbele mbili bila. Mrushaji wao, kijana aitwaye Ovalles, alikuwa amefanya maajabu tangu mwanzo, lakini sasa alikuwa anajifuta jasho kila mara, na mipira yake ilikuja laini. Nyuki wakajaza vituo vyote vitatu.

"Mtoe," Leuris alisema polepole.

"Mtoeee!" alipiga kelele Yanibel, na uwanja mzima ukaitika.

Baret alikunja nne. Ovalles akarusha. Gongo likalia, na wote walijua kwa mlio tu. Yanibel aliufuata mpira kwa macho hadi ulipopotea nyuma ya taa na Nyuki kupata nne kwa pigo moja, akakaa chini, akaficha uso.

Nje ya uwanja mashabiki walikuwa tayari wameleta jeneza la maboksi lililopakwa rangi nyeusi, jina la Baret limeandikwa ubavuni. Wanawake walijifunga vitambaa vyeusi, wakawa wanaomboleza kwa mbwembwe, wengine wakicheka. Yanibel peke yake alilia machozi ya kweli. Mzee mmoja akampigapiga begani: "Huyu ndiye shabiki."

Leuris alimkumbatia. "Usilie, mpenzi. Mwakani."

Afadhali angenyamaza. Yanibel alijitoa mikononi mwake.

"Mwakani? Redio imesema asubuhi, Baret kaongezewa mkataba. Mwakani gani?"

"Sasa nifanye nini? Nimeapa mbele ya Bikira."

"Ninaanza kufikiri nadhiri hii inakufaa. Una mchumba, una mpishi, una wa kukupigia filimbi, na pete huna haja ya kununua."

"Yani, si kweli hiyo, na unajua."

"Sijui! Kila siku unamlaani Baret kwamba anakaa tu akitazama mtu anachoka. Na wewe je? Mrushaji wako ni mimi, Leuris. Mkono umelegea, kila mtu anaona. Na wewe umekunja nne."

Yanibel akampa kisogo, akapita katikati ya waombolezaji, akasimamisha pikipiki ya abiria na kuondoka. Simu ililia jioni ile, ikalia asubuhi, ikalia wiki nzima. Hakupokea. Alipochana nywele za watu alikuwa anavuta kwa hasira, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama wana ugomvi.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya Mama wa Altagracia, Don Fello aliingia saluni na fimbo yake, akavua kofia. Wateja wakapunguza sauti.

"Binti yangu, mwenzako kaniambia kila kitu. Kumbe miaka saba yote hii mimi napumua kwa mgongo wa Baret!"

"Don Fello, kaa kwanza."

"Sikai. Nimemwambia, ningejua ningekufa kwa heshima yangu." Aligonga fimbo sakafuni. "Nimekuja kukuambia jambo moja tu. Ameondoka kwenda Higüey, kwenye kanisa la Mama wa Altagracia. Kwa miguu."

"Na aende," alisema Yanibel, na palepale akamuunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele.

Usiulize alivyolala siku hizo. Barabara ya Higüey ni ndefu, jua ni kali, na malori hayana huruma. Mara kadhaa alishika simu, akaiweka. Sikukuu ikafika, ikapita.

Jumamosi, saluni ikiwa imejaa hadi mlangoni, Leuris aliingia. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi, na ndala, kwa sababu miguu yake miwili ilikuwa imefungwa bendeji. Shingoni alining'iniza ngoma.

"Kiyoyozi ni kizima," Yanibel alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kwako."

"Nina wateja."

"Sisi hatuna haraka," alidakia mama mmoja mwenye rola za nywele kichwani, na mashine zote zikazimwa kwa pamoja.

Leuris alivua ngoma, akaiweka kwenye kiti karibu na kioo. "Nimebadilishana na Bikira. Nimempa Majogoo."

"Umempa nini?"

"Mchezo wenyewe. Uwanjani sikanyagi tena. Redio sisikilizi, matokeo siulizi wala sisomi. Mpaka mtoto wangu wa kwanza aje anitajie matokeo kwa kinywa chake mwenyewe. Na mtoto huyo, nimemwambia Bikira waziwazi, nataka awe wako."

Saluni nzima ilivuta pumzi. Kila mmoja mle ndani alijua fundi huyu ni nani na ngoma ile ni nini.

"Na yeye kakubali?" Yanibel aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakukataa. Safari hii sikumpunja."

"Utaweza? Wewe?"

"Sijui. Kuanzia Oktoba nitakuwa kichaa. Lakini ulisema kweli pale nje ya uwanja. Nilikuacha ukachoka, nikawa natazama tu." Akatoa kiboksi mfukoni. Alitaka kupiga goti, bendeji zikamgomea, akabaki ameinama nusu. "Yanibel Mercedes, nioe. Yaani, nikuoe. Ala! Nimechanganyikiwa."

"Dada, utamwamini huyu?" aliuliza yule mwenye rola.

Yanibel alikuwa analia na kucheka. "Mimi namwamini kijana wangu," alisema, na saluni ikalipuka kwa vicheko na makofi.

Walioana mwezi wa nne. Na Oktoba ilipofika, Leuris alitimiza neno lake, ingawa ilikuwa huruma kumtazama. Mechi ikianza alijitia pamba masikioni, akapanda juu ya paa la zege kumwagilia maua ambayo tayari yalikuwa yamezama. Jikoni, Yanibel na mkwewe walisikiliza redio kwa kugawana vipokea sauti vya masikioni, kila mmoja na kimoja chake, wakigombana na Baret kwa ishara.

Fainali iliangukia Jumapili. Raundi ya tisa Majogoo walikuwa mbele kwa moja, Nyuki wamejaza vituo, na mrushaji alikuwa yuleyule Ovalles, amechoka vilevile. Baret, mtangazaji alisema, amekunja nne. Yanibel aliuma taulo la jikoni. Don Fello alijishika kifua, Yanibel akamtolea macho ya kumwambia asithubutu.

Ovalles akarusha. Mpigaji akapiga hewa.

Wakarukiana bila sauti, wakakumbatiana vinywa vimefumbwa, machozi yakiwatoka. Redioni Baret alikuwa anaeleza, kwa sauti yake ya usingizi, kwamba siku zote alimwamini kijana wake. Don Fello akamimina bia glasi mbili. Yanibel akaisukuma yake kwa kidole. Mzee akaitazama glasi, akamtazama yeye, kisha akavua kofia polepole.

Nje, mtaa ukalipuka. Masufuria, honi, pikipiki, watu wakilia barabarani. Leuris akashuka kutoka juu ya paa na kopo la maji mkononi, pamba masikioni. Hakuna pamba ya kuzuia kelele zile.

"Mbona mnalia?" aliuliza.

"Vitunguu," alisema Don Fello.

Leuris aliangalia meza. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja. Akarudi nyuma hatua moja. "Yani, usiniambie. Nakuomba, usiniambie."

"Sikuambii." Yanibel alimkaribia, akamtoa pamba sikio moja. "Kuna mtu atakuambia."

"Nani?"

"Yuko njiani, anafika Agosti. Ila umpe muda kidogo ajifunze kusema."

Leuris akakaa chini palepale sakafuni, maji yakimwagika mapajani, akawa anamshika mkewe mkono na kulia kwa sauti, huku mtaa mzima ukishangilia jambo ambalo yeye alikuwa bado haruhusiwi kulijua.